Kanuni ya Goti: Utangulizi wa Elimu ya Vigoda Mjini Hanoi

Wataalamu wa chakula wamezoea kuyapanga maduka ya chakula kwa nyota, kwa bei, au kwa usafi wa choo. Mjini Hanoi vipimo vyote vitatu havifui dafu. Nyota zilibuniwa kwa ajili ya wapishi wenye kofia ndefu, bei za kando ya njia zinakaribiana mno kusema lolote juu ya utamu, na choo aghalabu ni cha jirani. Inahitajika elimu mpya, na waraka huu unakusudia kuiwekea msingi. Tumeiita Elimu ya Vigoda. Dai lake ni moja: katika mji mkuu wa Vietnam, utamu wa chakula hupanda kadiri makalio ya mlaji yanavyoshuka.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo. Futikamba haitufai. Kigoda cha plastiki chenye kimo cha shibiri moja ni kiti cha heshima kwa bibi wa Hanoi aliyekikalia tangu utotoni. Kwa kijana mrefu wa Siaya ni adhabu. Kwa hiyo chombo cha utafiti ni goti la mlaji mwenyewe, na swali la kisayansi ni hili: ukishakaa, goti lako limefika wapi? Majibu ni manne, nayo ndiyo madaraja ya elimu hii: Goti-Paja, Goti-Kitovu, Goti-Kifua na Goti-Kidevu.

Goti-Paja tulimalize haraka. Hapa goti na paja viko usawa mmoja, kama ofisini. Pana kiyoyozi, pana kitabu cha vyakula chenye picha na lugha tano, na pana kijana anayekuja kila mara kukuuliza kama mambo yanakwenda vizuri. Mambo yanakwenda. Chakula kina chumvi ya wastani, pilipili ya wastani na majani yaliyopangwa kwa ajili ya kupigwa picha. Sayansi haina la kuongeza.

Goti-Kitovu linahitaji uangalifu, kwa sababu ndilo daraja lenye mfano mashuhuri kuliko yote duniani. Ni maduka ya ndani ya nyumba zile nyembamba za Hanoi, zenye mabenchi mafupi, meza za bati na ngazi ya kupandia ghorofani. Mwezi Mei 2016, katika duka la bún chả liitwalo Hương Liên, mtaa wa Lê Văn Hưu, Barack Obama, rais wa Marekani wakati huo na mtoto wa baba wa Kogelo, alikaa kwenye kigoda cha plastiki akala na mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain. Bili yote ilikuwa dola sita, na Bourdain ndiye aliyelipa. Picha ilizunguka dunia. Watu wengi waliona unyenyekevu wa rais. Mtaalamu wa vigoda aliona goti. Kwa mtu wa kimo kile, goti lilikuwa limeshapita kitovu na lilikuwa safarini.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Wenye duka waliichukua meza ile, pamoja na vyombo, wakaifungia ndani ya sanduku la kioo, ikawa maonyesho. Orodha ya vyakula ikapata mlo wenye jina la Obama. Hatusemi kwamba chakula kiliharibika, maana nyama bado inachomwa kwa mkaa na watu bado wanajaa. Lakini kwa mujibu wa elimu yetu, kigoda kinapowekwa mahali ambapo hakuna anayeweza kukikalia, kimo chake hakipimiki tena, na duka lote linapaswa kuhamishiwa kwenye fani ya makumbusho. Anayetaka bún chả kwa ajili ya utafiti na atembee hatua chache, saa sita mchana, akifuata moshi.

Maana bún chả hailiwi kwa anwani, hufuatwa kwa pua. Ni mlo wa mchana. Mama huketi ukingoni mwa njia na jiko la mkaa, mkono mmoja una kipepeo na mwingine unageuza wavu wenye vipande vya nyama ya nguruwe na vidonge vya nyama ya kusaga. Nyama ikishaiva hutumbukizwa katika bakuli la mchuzi vuguvugu wa sosi ya samaki iliyozimuliwa kwa maji, siki na sukari, wenye vipande vya papai bichi na karoti. Pembeni huja sahani ya tambi nyeupe za mchele na kilima cha majani mabichi. Mlaji huchovya, hula, huchovya tena. Moshi unaomwingia machoni haumo kwenye bili.

Hapo tumeshaingia Goti-Kifua, daraja la tatu na kiini cha waraka huu. Vigoda ni vya plastiki, vyekundu au vya buluu, na meza mara nyingi ni kigoda kingine kirefu kidogo. Miguu ya mlaji iko kwenye matofali ya kando ya njia, mgongo wake umeegemea pikipiki ya mtu asiyemjua, na goti limefika kifuani, kiasi kwamba hawezi kuvuta pumzi ndefu bila kuligusa. Anayejua mbuzi ya kukunia nazi ameujua ukaaji huu tangu jikoni kwa mama yake, ila kule anayekaa chini ndiye anayefanya kazi na hapa anayekaa chini ndiye anayelipa.

Kwa nini basi utamu ukae huku chini? Wasafiri hupenda kujibu kwa mashairi: uhalisia, roho ya mji, na kadhalika. Elimu ya Vigoda inakataa mashairi. Sababu ni za uchumi, na zinashikana.

Kando ya njia si mali ya muuzaji. Kimsingi ni ya wenda kwa miguu, kwa mazoea ni ya pikipiki, na kwa saa chache tu ni ya mama mwenye sufuria. Kipande kilekile cha njia huweza kumilikiwa na watu kadhaa kwa siku: alfajiri supu ya phở, mchana bún chả, alasiri chai ya barafu, usiku konokono wa kuchemsha. Mwenye kipande kwa saa tatu hawezi kupika vyakula arobaini. Hupika kimoja, na kwa kuwa amekipika hicho kimoja kila siku ya maisha yake ya utu uzima, pengine baada ya mama yake kukipika vilevile, hana nafasi ya kukosea. Mgahawa wa Goti-Paja una vyakula themanini na mpishi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Hesabu hiyo haihitaji profesa.

Halafu kuna askari. Mamlaka ya Hanoi kila baada ya muda huamka na kampeni ya kusafisha njia. Ile ya mwaka 2017 ilikuwa kali, ngazi na vibaraza vilivyoingia barabarani vikabomolewa. Gari la polisi linapokata kona, kiti cha mbao chenye mgongo ni hasara. Kigoda cha plastiki hupachikwa juu ya mwenzake, kumi kwa mkono mmoja, na duka zima hutoweka ndani ya mlango wa jirani huku mteja akibaki amechuchumaa na bakuli lake, akijifanya mpita njia. Msomaji wa Dar es Salaam anayewajua mgambo wa jiji hahitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo udogo wa kigoda umetokana na mwendo wa gari la polisi: kila kisichobebeka kwa mkono mmoja kilishachukuliwa zamani. Fedha ambazo mwenzake wa Goti-Paja huzizamisha katika viti, mama huyu amezizamisha katika mifupa ya ng'ombe.

Na mifupa ndiyo phở. Supu hiyo ilijitokeza kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, Hanoi na Nam Định zikigombania hadi leo heshima ya kuizaa. Mifupa huchemshwa usiku kucha kwa moto mdogo, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa, mdalasini na nyota za anisi. Asubuhi humiminwa juu ya tambi pana za mchele na nyama iliyokatwa nyembamba. Bakuli la kawaida huenda kwa đồng 40,000 hadi 60,000 hivi. Msomaji asitishwe na masifuri, ila achunge: noti ya 20,000 na ile ya 500,000 zote ni za buluu, na kwenye mwanga wa alfajiri zinafanana kama mapacha.

Historia ya phở inathibitisha kanuni yetu kutoka upande wa pili. Katika miaka ya vita na ya mgao, biashara binafsi ilipobanwa, phở iliuzwa katika maduka ya serikali. Viti vilikuwepo, na foleni pia. Nyama ndiyo iliyoadimika. Wakazi wa Hanoi, ambao juu ya vichwa vyao zilipita ndege za upelelezi za Marekani zisizo na rubani, waliipa supu ile tupu jina la phở isiyo na rubani. Baada ya mageuzi ya Đổi Mới ya mwaka 1986 wauzaji binafsi walirudi barabarani na sufuria zao, wakaketi chini, na rubani akarejea bakulini.

Hapa lazima tulijibu pingamizi, kwani elimu isiyo na mpinzani ni mahubiri. Wapinzani hutaja duka la phở la mtaa wa Bát Đàn. Huko meza ni za kawaida, goti liko mahali pake, na bado supu ni ya kutajika. Michelin ilipoanza kutoa mwongozo wake wa migahawa ya Vietnam mwaka 2023 haikulipita. Je, kanuni imevunjika? Hata kidogo. Bát Đàn mteja hupanga foleni, hulipa kwanza, kisha hulibeba bakuli lake mwenyewe likimchoma vidole hadi apate pa kukaa, desturi iliyosalia kutoka enzi zilezile za mgao. Kiti amekilipia kwa miguu. Tunapendekeza kijitanzu kidogo kiitwe Goti-Wima, na mjadala ufungwe.

Daraja la nne, Goti-Kidevu, lina mifano michache lakini mitakatifu. Kwenye mtaa wa Hàng Trống ipo phở ambayo haina meza kabisa. Mlaji hukaa kwenye kigoda akalishika bakuli la moto kwa mkono mmoja na vijiti kwa mkono wa pili, na hapo ndipo binadamu hugundua kwamba goti lake lilikuwa meza tangu kuumbwa. Wamo pia wauzaji wa mzega, wanawake wenye kofia za pia na mti begani, kikapu huku na kikapu huku: jiko na sufuria upande mmoja, vyombo na vigoda viwili vitatu upande wa pili. Huyu duka lake lina miguu yake mwenyewe. Akitua, umebahatika, akinyanyuka, usimkimbilie, kwa kuwa hata askari hajamfikia. Na chini kabisa ya daraja hili yupo muuza chai ya barafu, mwenye birika, mbegu za alizeti za kutafuna na kigoda ambacho mtafiti mnene hukiona kabla ya kukaa tu, hakioni tena hadi atakapoinuka.

Tukiwa kwenye vinywaji, tusiipite kahawa, ambayo ina nasaba nasi. Vietnam huongoza duniani kwa kuzalisha robusta, na robusta asili yake ni misitu ya Afrika. Ni kahawa ileile ya Uganda na ya Wahaya wa Bukoba. Iliwafikia Wavietinamu chini ya ukoloni wa Wafaransa, nao wakaifanya jambo ambalo Bukoba haikuwahi kuliwaza. Mwaka 1946, maziwa yalipokosekana, Nguyễn Văn Giảng wa hoteli ya Metropole alipiga kiini cha yai na sukari hadi kikawa povu zito, akalimimina juu ya kahawa chungu. Duka lililobeba jina lake bado lipo, kwenye kichochoro cha mtaa wa Nguyễn Hữu Huân. Vigoda ni vya Goti-Kitovu. Kahawa, hata hivyo, ni ya Goti-Kidevu, na tofauti hiyo tunawaachia wanafunzi wa shahada ya uzamili.

Kuhusu bia ya kila siku, ile bia hơi nyepesi inayoletwa leo na kumalizwa leo, tutasema tu kwamba hunywewa katika bilauri za kioo cha kijani chenye mapovu zilizobuniwa katika miaka ya 1970, kwenye vigoda vya chini sana, na kwamba hapo vipimo vya goti hupoteza usahihi kadiri usiku unavyokwenda.

Msomaji Mwislamu ameshaanza kukunja uso, na ana haki. Nguruwe ametajwa, na hajatajwa mara zote anazostahili, kwa sababu mjini Hanoi huingia hata mahali asipotangazwa: katika mafuta, katika mchuzi, katika kitoweo kinachoitwa cha kaa. Phở ya ng'ombe na ya kuku haina nguruwe machoni, lakini mchinjaji hakusoma bismillahi. Elimu ya Vigoda haina mamlaka ya kutoa fatwa. Inaweza tu kuonyesha njia: msikiti wa Al-Noor upo mtaa wa Hàng Lược, ndani ya mji mkongwe, umejengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, na ukiuliza hapo utaelekezwa pa kula. Kuna pia chả cá, samaki wa manjano na shibiti anayekaangwa mezani mbele yako, mlo uliopata sifa hadi mtaa wake ukaitwa kwa jina lake. Uliza mafuta kwanza. Na siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, wafuasi wengi wa Buddha hawali nyama, kwa hiyo vyakula vya mboga tupu huwa tele.

Uainishaji usingekamilika bila walaji wenyewe, ingawa kwa kweli walaji wanachosha kuliko vigoda. Yupo Mlaji Mpiga Picha, ambaye tambi zake huvimba na kunywa supu yote wakati yeye anatafuta mwanga. Yupo Mlaji Daktari, mwenye chupa ya dawa ya kunawia na hofu ya barafu, asiyejua kwamba barafu yenye tundu katikati inatoka kiwandani, na ambaye baada ya kukataa barafu hula saladi ya hotelini akaugua. Yupo Mlaji Mjuaji, aliyewahi kula phở Ho Chi Minh City, anayeagiza choroko zilizochipua, majani ya rihani na sosi tamu. Hanoi phở haivalishwi mapambo hayo. Huwekewa pilipili, siki ya vitunguu saumu na labda vipande vya unga vya kukaanga, basi. Mjuaji atatazamwa kwa huruma, ama, akiwa na bahati mbaya ya kuingia katika lile duka la tambi maarufu kwa mwenye nalo kuwakaripia wateja, atapewa elimu yake papo hapo, bure. Duka hilo lina foleni. Watu hupanga mstari ili watukanwe, na hii ni hoja tosha kwamba supu yake ni nzuri.

Mlaji Mwenyeji hutambulikana kwa utaratibu wake. Hufuta vijiti kwa karatasi kabla ya kula, huinama akalifuata bakuli badala ya kulisubiri lipande, hula bila hotuba, hutupa karatasi chini ya meza, hulipa, huondoka. Hakai kuzungumza, kiti kinatakiwa. Humwita muuzaji dada, shangazi au bibi kwa kadiri ya umri, na hapo pana mtihani ambao Mswahili ataufaulu kuliko Mzungu, kwa sababu tangu utoto amejua kwamba ukimwita bibi mtu anayejiona dada, nyama bakulini itapungua.

Wapo wanaotaka vigoda vipandishwe, kwa jina la afya ya mgongo na sura ya jiji. Mgongo ni kweli unauma. Lakini kiti kirefu kinataka sakafu, sakafu inataka pango, pango linataka vyakula themanini, na vyakula themanini vinataka mpishi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Tunaiomba mamlaka ya Hanoi iache njia ya kutosha kwa wenda kwa miguu, na kwa nafasi itakayobaki, ivumilie magoti ya watu.

Nawe msomaji unayefunga safari: fika kwenye phở kabla ya saa mbili asubuhi, kwani sufuria ya kweli ikiisha haiongezwi maji. Beba noti ndogo. Ukiona kigoda kimoja kitupu kati ya wenyeji kumi wasioinua kichwa, kikalie kabla hujauliza kinachouzwa. Na usivae suruali ya kubana.